Waya wa Baharini Uliofika Nagasaki Ukinuka Kitunguu Saumu

Naanza na kosa langu, maana nisipolisema mwenyewe rafiki yangu Bahati atawasimulia, na yeye akisimulia huongeza chumvi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitwanga kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa kipande cha waya wa simu kilichotolewa chini ya bahari ya Pasifiki. Nilidhani ni mchi.

Tena mchi wa maana. Mweupe kama nta, mnene kama mkono wa mtoto mchanga, urefu wake shubiri moja na nusu, na ndani una chuma kilichozungukwa na shaba, kwa hiyo ukiushika unajua umeshika kitu. Niliuokota nje. Mnajua zile siku ambazo kaunsili, yaani halmashauri, wanakusanya vitu vikubwa hapa Quakers Hill, Sydney, watu wanatoa magodoro na viti kando ya barabara. Wengine siku hizo hufunga mapazia. Mimi hutoka na kitoroli. Mchi ule ulikuwa kwenye boksi mbele ya nyumba ya pili, kwa Mzee Iwata, nikajiambia Wajapani nao kumbe hutwanga.

Mwezi uliopita Mzee Iwata alikuja kunirudishia bakuli. Ni mtu wa miaka themanini na kitu, mjane, anaishi na binti yake Naomi, na bakuli langu halijawahi kurudi tupu. Safari hii lilikuwa na machenza ya mti wake. Akaingia jikoni, akatazama kinu, akaweka machenza mezani, akavuta kiti, akakaa. Akautoa mchi kinuni, akaugeuza kama kwetu Tanga mtu anavyogeuza samaki wa jana.

"Mama Salma," akasema, "hiki umekitoa wapi?"

"Nje kwako."

"Lini?"

Nikamwambia. Alikuwa hospitali wakati ule, amebadilishwa nyonga, na Naomi akasafisha chumba chake kwa nia njema. Tangu atoke alikuwa akikitafuta. Alikuwa amepekua hata ndani ya mashine ya kufulia.

"Na kwa miaka mitatu," akauliza, "umetwangia nini?"

Nikamtajia vyote, mpaka mafuta ninayotwangia. Akatikisa kichwa polepole kama daktari anayesikiliza orodha ya maradhi.

Tulizungumza Kiingereza, chake cha melini na changu cha ghala la Seven Hills ninakofungasha maboksi. Nawaandikia kwa Kiswahili nisijiaibishe mara mbili. Na nawaandikia kwa sababu nimechoka kujibu sauti zenu za dakika saba kwenye simu, kila mmoja anauliza ilikuwaje mtu ambaye hata Parramatta, vituo vichache tu kwa treni, huona mbali akafika Japani. Mambo ya tiketi na viza nayaruka. Naomi aliyashughulikia, mimi nilikuwa natia sahihi tu ninapoonyeshwa.

Barazani kwa Mzee Iwata

Kumbe jirani yangu alikuwa fundi wa kuunganisha nyaya kwenye meli za Kijapani zinazolaza waya baharini. Mimi nilidhani alikuwa na duka. Alinifundisha kwa siku nne barazani kwake, maana alihofu kwamba nikifika kule sijui kitu nitafungiwa mlango.

Nyaya za kwanza kufika Nagasaki, alisema, zililetwa na meli za Wazungu, enzi za babu wa babu yake. Baadaye serikali ya Japani ikaagiza meli yake ya kwanza ya kazi hiyo kutoka Uskochi, wakaiita Okinawa Maru, ikaunganisha visiwa vya kusini mpaka Taiwan, na maskani yake yakawa Nagasaki. Wakajifunza, wakaanza kuunda meli zao wenyewe. Vita vikazamisha nyingi. Wakaanza tena. Yeye alipoajiriwa akiwa kijana zilikuwa zimeshakuwa meli kubwa za kuvuka Pasifiki nzima.

"Siku hizi si ni setilaiti," nikasema, ili ajue nami nina shule.

"Harusi za Tanga unazotazama kwenye simu kutwa," akasema, "ambazo mimi nazisikia mpaka chumbani kwangu, hizo zinapita chini ya maji."

Akanieleza jinsi waya unavyopakiwa. Melini kuna matangi ya duara, makubwa kama nyumba, na waya haurundikwi tu. Watu wanatembea ndani kwa kuzunguka, wanaulaza kwa mikono, duara juu ya duara, siku baada ya siku, kwa mwelekeo uleule. Ukikosea, siku waya unatoka mbio kwenda baharini unajifunga fundo. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya ndoto yangu, kutembea siku nzima bila kutoka nje.

Halafu akanieleza kuhusu mchi wangu. Pande mbili za waya zikikutana baharini, mafundi wawili wanaziunganisha mezani melini, kila mmoja na upande wake. Shaba inaungwa, kisha juu yake inayeyushwa ile plastiki nyeupe ishikamane kabisa, pasiwe na nafasi hata ya jasho. Upande mmoja alikuwa Iwata. Upande wa pili alikuwa rafiki yake, Tsuda, ambaye walilala chumba kimoja melini miaka kumi. Wakaunga, wakapima, wakashusha. Haukupita muda waya ukanyamaza. Meli ikarudi, ikauvua kwa ndoana kutoka kilindini, wakakuta maji yameingia kwenye kiungo chao. Kwa macho haikuonekana yameingilia upande gani. Nahodha akaandika kwamba kosa ni la meli, jina la mtu halikutajwa, na kiungo kikakatwa katikati.

"Nikachukua upande wangu, naye wake," alisema Mzee Iwata. "Nikamwambia ni wewe. Akaniambia ni wewe. Basi."

"Basi nini?"

"Hatujazungumza tena."

Sasa barua ilikuwa imekuja kutoka kwa mwenzao wa zamani. Tsuda anahamia nyumba ya wazee mwisho wa mwezi, na nyumba yake inafutwa kila kitu. Nusu ile nyingine ingekwenda jalalani, na bila nusu zote mbili mezani hakuna atakayejua kosa lilikuwa la nani. Mzee Iwata alitaka kujua kabla ya kufa. Alilisema hivyo, kavu, huku akimenya chenza. Moyo wake haumruhusu kupanda ndege, Naomi ana zamu, na posta haiamini. Akanisogezea lile chenza, akanitazama. Mimi niliyekuwa nimekigonga kinuni kitu chake cha kufa na kupona, ningesema hapana kwa mdomo gani?

Quakers Hill hadi uwanja wa ndege

Nilichagua Jumapili, na Jumapili treni zilikuwa zimefungwa kwa matengenezo. Bahati, rafiki yangu wa Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuja kunisindikiza mpaka Seven Hills ambako mabasi ya badala yalikuwa yakingoja.

"Dada, hiki kitu umekiweka wapi?" akauliza.

"Kwenye mkoba wa mkononi. Siwezi kukiacha mbali nami."

"Waya ndani ya plastiki, mu avion, mu ndege kweli. Wewe na hijabu yako."

"Nitawaeleza."

"Haya. Mi nitabaki na simu wazi," akasema, na akakaa kwenye benchi la kituo kabisa kama mtu anayejua nitarudi.

Basi lilizunguka Sydney nzima. Tulipopita Auburn lilisimama kwenye foleni mbele ya duka la mikate, harufu ikaingia dirishani, na wallahi nilikaribia kushuka, ninunue mkate wangu nirudi nyumbani.

Bahati alikuwa sahihi. Pale kwenye mashine ya ukaguzi yule kijana alitazama skrini, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwanamke mwenye redio. Mkoba ukafunguliwa. Harufu ya kitunguu saumu ikatoka kwanza, waya ukafuata.

"Hiki ni nini, mama?"

"Mchi," nikasema, kwa mazoea.

"Kuna nyaya ndani."

"Ni waya wa baharini. Wa simu. Lakini mimi nautwangia."

Yule mwenye redio akaunusa, akampa wa pili, naye akaunusa. Hawakunikasirikia. Walisema tu kwamba kitu kile hakipandi juu, kiende kwenye begi kubwa chini. Nikarudishwa nyuma mpaka kaunta, begi langu likatafutwa, likafunguliwa mbele ya watu, nguo zangu za ndani zikaonekana na familia nzima ya Brisbane, na kipande kikalazwa katikati ya kanga. Niliingia ndegeni wa mwisho. Abiria wote walinitazama kwa lile tabasamu la kuchukia.

Tokyo, bila begi

Begi halikufika. Mkanda ulizunguka na mabegi ya wengine, ukazunguka na begi moja jekundu lisilo na mwenyewe, ukasimama. Mimi pia nilisimama, mikono mitupu, bara jingine.

Dada wa kaunta aliomba msamaha akiinama. Nami nikainama, maana kwetu mtu akikunyenyekea humwachi peke yake. Akainama zaidi. Nikaenda chini kidogo kumpita. Tungefika sakafuni isingekuwa foleni nyuma yangu. Akanipa fomu ya kueleza kilichomo ndani. Nikaandika kanga mbili, dawa ya presha, na kiungo cha waya wa baharini. Akasoma mara tatu. Akanitazama kwa heshima mpya kabisa, akampigia mtu simu.

Nilikaa hapo uwanjani siku nzima na usiku wake kwenye viti, kwa sababu kwenda hotelini kungetaka nitoke mlangoni. Mfanyakazi wa usafi, mama wa rika langu, alinipita mara nne. Mara ya tano aliniletea wali wa kufinyanga uliofungwa kwa mwani, na chai ya kopo iliyokuwa moto kutoka kwenye mashine. Hatukuwa na neno moja la kushirikiana. Alikaa kando yangu dakika mbili, akanipigapiga goti, akarudi kwenye ufagio. Asubuhi begi likaja. Nilikumbatia kipande kile mbele ya watu, na sikujali.

Treni ya kwenda Nagasaki

Ni mwendo wa siku nzima, treni tatu. Ile ya kwanza ni ya mwendo wa risasi, na mimi niliyezoea treni ya Richmond inayojifikiria kila kituo nilishika kiti kwa mikono miwili mpaka Osaka.

Kituoni nilitaka chakula, na nilitaka kuhakikisha hakina nguruwe. Muuzaji hakujua Kiingereza. Basi nikafanya pua ya nguruwe kwa kidole, nikakoroma kidogo, nikaonyesha maboksi kwa uso wa kuuliza. Akafurahi sana. Akachagua boksi moja, akalifunga vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Ndani ya treni nikafungua: nguruwe mtupu, amepangwa kama kitambaa cha mauzo. Nilikuwa nimekoroma nikaletewa nilichokikoromea.

Mzee mmoja aliyekaa kando yangu aliona ninavyolitazama lile boksi. Akafungua lake, samaki, akalisukuma kwangu, akavuta langu. Alikula kwa raha ya wazi. Nadhani alikuwa akiliwazia tangu kituoni.

Nagasaki, ngazi na sahani

Hakuna aliyeniambia kwamba Nagasaki imesimama wima. Nyumba ya Mzee Tsuda ilikuwa juu ya kilima, na njia ya kwenda huko si njia, ni ngazi. Nilihesabu mpaka mia na nane, nikapoteza hesabu kwa sababu ya kutweta. Chini kulionekana bandari, na ng'ambo yake kulikuwa na ile sehemu ya zamani ya kuhifadhi nyaya, ambayo Mzee Iwata alikuwa amenichorea kwenye bahasha.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, binti wa Tsuda kama nilivyojua baadaye, alikuwa kati ya maboksi na magazeti. Aliponiona alisema kitu, akanipa glavu na aproni.

Sasa nyie mnajua tulivyolelewa. Mgeni haingii na shida yake mdomoni. Unaingia, unaamkia, ukikuta kazi unashika. Basi nikavaa aproni. Nikafunga sahani kwa magazeti, nikafunga vikombe, nikafunga sufuria, nikingoja wakati unaofaa wa kujieleza. Saa nzima ikapita. Nilikuwa nimeanza kabati la pili walipofika watu wawili wenye sare, wale hasa waliokuwa wamekodiwa kufungasha. Binti akawatazama wao, akanitazama mimi, akaweka mkono mdomoni.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa Kiingereza.

"Nimetoka kwa Iwata," nikasema. "Sydney."

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya mzee ikauliza, kwa Kiingereza kilekile cha melini, "Iwata gani?" Kikasikika kiti kikisogezwa. Kisha, "Mlete."

Tsuda ni mdogo, mkavu, mikono yake mikubwa kuliko mwili. Nikampa kipande kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Akakinusa.

"Iwata amekuwa mpishi?"

Nikamweleza yote, pamoja na kinu. Nilitegemea hasira. Yeye akainuka, akaenda dirishani, lile la kusukuma pembeni, akachomoa kwenye reli yake kijiti cheupe kilichokuwa kimewekwa ili mwizi asiweze kulifungua. Ilikuwa nusu ya pili.

"Kinazuia vizuri," akasema.

Akaketi na wembe. Kutoka nusu ya Iwata akakata duara jembamba, kama unavyokata tango, akaliinua kwenye mwanga. Ndani ya weupe kulikuwa na mstari wa manjano, mwembamba kama unywele, umeanzia nje umekwenda mpaka kwenye shaba.

"Hii rangi ni nini?"

"Manjano. Na mafuta."

Akakata duara la pili, la tatu. Mstari ulikuwa palepale. Manjano yangu na mafuta yangu ya miaka mitatu yalikuwa yamefuata njia ileile ya maji. Zamani walikuwa wametazama na kutazama wasione, sasa mpishi wa Quakers Hill alikuwa ameitia rangi. Nilikuwa nimembeba jirani yangu mpaka Nagasaki ili nimshitaki.

Tsuda hakucheka wala kujisifu. Alisukuma nusu yake kwangu.

"Changu hakijawahi kutwangia kitu. Si haki. Nacho kitwangie manjano."

Basi nikapika. Kwa siku tatu, katika nyumba iliyobaki na sufuria moja, nilitwanga kwa nusu ya Tsuda kila mlo ndani ya bakuli la udongo, manjano ya unga kutoka duka la dawa, maana huko wanayanywa kama dawa, na nikailaza kwenye mafuta ya moto asubuhi na jioni, ili siku tatu zifidie miaka mitatu. Binti alikula mchuzi wangu akitokwa machozi na kuomba tena. Siku ya tatu Tsuda akatoa wembe. Duara la kwanza lilikuwa njano ukingoni tu, ndani jeupe. La pili vilevile. Alikata saba. Kipande kilichofanya kosa hakikuwa chake.

Alikusanya vile viduara kiganjani.

"Moyo wake ni mbovu, umesema?"

"Daktari hamruhusu hata ndege."

"Basi mwambie zote mbili zina mstari. Hivi viduara vyangu nabaki navyo."

"Mzee, si umeshinda?"

"Nimeshinda nini? Nina hamu ya kumsikia." Akaniandikia namba yake ya simu kwenye karatasi, akaikunja mara nne. "Akitaka. Usimlazimishe."

Kurudi Quakers Hill

Njiani kurudi sikuona mlima wala samaki. Nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo. Zote mbili zina mstari, Mzee Iwata. Zote mbili, kabisa, sawasawa. Nilimwambia mpaka yule abiria wa pembeni ndegeni, ambaye alikuwa amelala. Mpaka tunatua Sydney nilikuwa nimeongeza maelezo: mstari wa Tsuda mnene kidogo, wake mwembamba, lakini ukichanganya unakuta ni suluhu.

Salma, binti yangu, alinipokea akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimemletea kitu. Nikamwambia subiri. Sikuvua hata viatu, nikaenda barazani kwa jirani na bakuli la biskuti za Nagasaki.

Mzee Iwata alikuwa amekaa na Naomi. Nikampa nusu yake. Akaigeuza, akaona ncha iliyokatwa kwa wembe.

"Tsuda amekata vizuri," akasema. "Bado ana mkono."

"Zote mbili zina mstari," nikasema, mapema mno, kabla hata ya kuulizwa.

"Zote mbili."

"Kabisa. Sawasawa. Mstari wake ni mnene kidogo."

"Duara lake liko wapi?"

"Amebaki nalo."

"Picha?"

"Simu iliisha chaji."

"Siku zote hizo?"

Nikatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, nikasema ni namba ya simu, akitaka, nikaishika tu, sijui niiweke wapi. Mzee Iwata alinyoosha mkono wake na kuuacha wazi mbele yangu, na alichosema nakiandika neno kwa neno:

"Mama Salma, unajua kupika, kudanganya hujui. Kosa lilikuwa langu, lete hiyo namba."